Ngitili Isiyofunguliwa

Pimbi wa Miamba Mitatu walikuwa na desturi waliyoishika kuliko nyingine zote. Jua likichomoza, kila kaya ilitoka pangoni na kupanda juu ya jabali kuota joto, na mzee wa zamu alipita akiangalia kama wote wapo. Asiyeonekana alitafutwa papo hapo, kabla ya yeyote kwenda malishoni.

Kabula alizaliwa mweupe, kuanzia ukucha hadi kope. Asubuhi yake ya kwanza jabalini ngozi iliwiva, ya pili ikachanika, na mama yake akaamua kumwacha ndani mpaka jua litulie. Mzee wa zamu alipouliza, mama alijibu, "Yumo ndani, baba." Kesho yake mzee aliuliza tena, na kesho kutwa. Baada ya msimu mmoja hakuuliza. Hapakuwa na chuki wala hakuna aliyetoa amri. Hesabu ya kijiji ilizoea tu kukamilika bila yeye.

Kisha maneno yakaja kuikalia ile nafasi aliyoiacha. Wengine walisema mama yake alivuka mto usiku akiwa na mimba. Wengine walisema kuna deni la mababu halijalipwa. Shuleni Kabula alikaa nyuma, maana ndipo nafasi ilipobaki, na ubao wa Mwalimu Kobe ulitazamana na dirisha la mashariki, kwa hiyo asubuhi nzima uling'aa kwa mwanga. Macho ya Kabula yalikuwa ya kuchezacheza, yaliona karibu tu. Hakusoma chochote, akatangazwa mzito wa kuelewa. Na juu ya maneno yote hayo lilikaa lile walilorithi kwa wazee: mweupe hafi, hupotea.

Nataka msomaji asilipite neno hilo haraka, kwa sababu limesemwa na watu, katika Usukuma na kwingineko, kwa vizazi: zeruzeru hafi, hutoweka. Anayeamini hivyo hana haja ya kuuliza kaburi liko wapi. Mtoto asipoonekana asubuhi, jibu liko tayari. Kabla panga halijanolewa popote katika nchi hii, kauli ile ilikuwa imekwisha kufanya nusu ya kazi yake.

Nasimulia kwa wanyama kwa sababu watoto wenyewe wapo, wana majina na vijiji walikotoka, na ilipita miaka ambayo mahali anapolala mtoto wa namna hii palikuwa siri yenye wanunuzi.

Sasa, mwaka wa ukame, Muhanga alikuwa akifukua kichuguu nyuma ya miamba akitafuta mchwa, ukucha wake ukagonga jiwe lenye mkanda wa chumvi. Wanyama wa mbugani hutembea siku nzima kutafuta chumvi ya kulamba. Habari ilienda mbali. Walikuja akina Ngiri, akina Nungunungu, Nyegere na ubishi wake, Kuchakulo kwa makundi. Walifungua maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakashusha matimba ya kuzuia kuta, wakapangana kwa shifti. Juu ya shimo mwenye duara alikaa kivulini na kugawa viroba. Chini walikuwa wenye kucha. Waliofika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu hawana haja ya kuelezwa sura ya mahali hapo: vibanda vya maturubai, kelele za makarasha ya kusaga mawe tangu alfajiri, vumbi jeupe kwenye nyusi za kila mtu, na mama ntilie anayejua kuliko benki nani ana fedha wiki hii na nani anakula kwa mkopo.

Chumvi ile ilikuwa na tabia moja iliyowatesa. Maduara mawili yalikaa ubavu kwa ubavu. Moja lilitoa, jingine lilimeza matimba na nguvu za watu mwaka mzima bila kurudisha punje. Sababu ilikuwa ndani ya mwamba. Mkanda haukushuka wima. Ulilala mshazari, ukakunjika, ukakatika mahali na kuanza tena hatua kumi pembeni. Aliye chini, kifudifudi, na mwanga unaofika urefu wa mkono wake, hawezi kuona mkunjo huo. Anachokiona ni jirani ambaye anapata. Wameamka saa moja, wamekula chakula kimoja, wamechimba kina kimoja, na jirani anapata. Swali la kwa nini lilimuuma mchimbaji kuliko njaa, na mwamba haukumjibu.

Hapo ndipo Tumbusi alipotua.

Tumbusi alikuwa na jambo moja la kuuza: kila mmoja alikuwa amemwona akizunguka juu sana. "Mimi naona kote," aliwaambia, na ni kweli aliona kote, ingawa siku zote alichokuwa akikitafuta huko juu ni mizoga. Alianza na majani ya kunawia. Akapanda kwenye jogoo mwekundu. Akapanda kwenye mbuzi asiye na doa. Chumvi ilipotoka alidai shukrani yake. Isipotoka alisema kuna sharti limevunjwa, na mteja, akijichunguza usiku, daima alipata sharti alilolivunja. Ngiri, mwenye duara kubwa kuliko yote na lililokula fedha kuliko yote, alimlipa mpaka akafika kwenye mbegu alizoweka akiba. Dawa za zamani zilipochakaa, Tumbusi alisema hivi: "Chumvi ni nyeupe. Nyeupe huitwa na nyeupe." Akafunga mdomo.

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Wote waliokuwa mbele yake waligeuza shingo kuelekea Miamba Mitatu.

Katika nchi ya watu jambo hili lina tarehe. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalishika kasi katika Kanda ya Ziwa, Mwanza, Shinyanga na maeneo ambayo mwaka 2012 yalikuja kuwa mkoa wa Geita. Dhahabu, iliyokuwa chini ya dola 300 kwa wakia mwaka 2001, ilivuka dola 1,000 Machi 2008. Mwaka huohuo mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mteja, akaingia kwa waganga mmoja baada ya mwingine, na alipotangaza aliyoyasikia alitishiwa maisha akalazimika kujificha. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wachimbaji wa kanda hii, wakayakataa maelezo yaliyopendwa na magazeti, kwamba huu ni ushamba wa kale uliofufuka. Walionyesha biashara: mchimbaji anayetaka bahati na kinga, mganga anayebuni kitu cha kumuuzia, na nyuma yao soko la dunia linalopandisha bei. Kufikia 2015 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000. Naamini utafiti ule ulikuwa sahihi, na naamini una uchungu kuliko maelezo ya ushamba, kwa sababu mshamba huelimishwa kwa mabango. Mwenye duara anayepiga hesabu anahitaji kuzuiwa.

Wa kwanza kuchukuliwa hakuwa Kabula. Alikuwa mjukuu wa Nguchiro, mweupe pia, aliyelala karibu na mlango. Hakuna aliyegundua mpaka jua la utosini, maana naye alikuwa nje ya hesabu ya asubuhi. Walipofuata nyayo, hazikutoka porini wala hazikutoka maduarani. Zilianzia mlango wa tatu kutoka pale, nyumba ya ndugu aliyekuwa akimbeba mtoto yule mgongoni siku za mnada.

Jambo hili ndilo lililowavunja Miamba Mitatu, kuliko kifo chenyewe. Walikuwa wamezoea adui wa nje. Chui ana harufu yake na tai ana kivuli chake. Na ndilo linalorudi hata leo. Mwishoni mwa Mei 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa mikononi mwa mama yake, na alipopatikana hakuwa hai. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo baba yake mzazi. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo, Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe, hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Kesi nyingine zilifuata, na mara nyingi waliosimama kizimbani ni walioshika panga. Aliyetoa fedha hakuonekana.

Wazee wa Miamba Mitatu walikaa usiku kucha, na walifanya jambo walilolijua vizuri kuliko jingine lolote: walitenga ngitili.

Msomaji wa Shinyanga anaijua. Mvua zikianza, kipande cha malisho hufungwa. Ng'ombe wa yeyote haingii, na majani hukua mpaka kiunoni huku nje pakilishwa. Kiangazi kikikolea, nje pakibaki vumbi, wazee huifungua, kidogo kidogo, ng'ombe dhaifu na ndama wakitangulia. Kuna wakati hekima hii ilikaribia kufa. Misitu ilifyekwa kuwaondoa mbung'o, pamba ikachukua ardhi, mifugo ikaongezeka, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipofika Shinyanga alikuta nchi inayoelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo lake la busara lilikuwa kuwarudishia wenyeji ngitili zao badala ya kuwaletea kitu kigeni. Mamia ya maelfu ya hekta yakapata miti tena. Miaka ile ya ukavu ilikuwa na hasara nyingine isiyopimwa kwa hekta. Kuni zilipoadimika, akina mama walipikia mavi ya ng'ombe, moshi ukawajaa machoni, na wekundu wa macho ya bibi aliyepika maisha yake yote ukaitwa uchawi. Vikongwe waliuawa kwa wekundu huo. Usukuma ulikuwa umekwisha kufundishwa kusoma mwili wa jirani na kupata ndani yake sababu ya bahati mbaya.

Basi palikuwa na boma la zamani lenye ua wa minyaa. Ndani yake tayari waliishi Fuko, asiyeona, na Digidigi, asiyesikia, walioletwa miaka ya nyuma kwa kuwa shule ya kijiji ilisema haina nafasi yao. Kabula aliletwa usiku, amefunikwa, na lango likafungwa nyuma yake. Walinzi waliwekwa. Wengine weupe walifuata kutoka vijiji vya mbali, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, mpaka wakalala watatu kwenye mkeka mmoja.

Katika nchi ya watu, Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, ilikuwa ya watoto wasioona, ikapokea na viziwi, na miaka ya mauaji ilipoanza ikajazwa na mamia ya watoto wenye ualbino, wengine wakiwa wadogo mno kwa darasa lolote. Ndivyo ilivyokuwa pia Mitindo wilayani Misungwi, na Kabanga huko Kasulu. Wazazi waliwaleta wakilia. Polisi waliwaleta. Ua ule uliokoa maisha, na simpunguzii heshima hata kidogo mwalimu au mpishi aliyelala macho ndani yake. Kama wasingelifungua lango usiku ule, nisingekuwa na wa kusimulia habari zake.

Na ndani ya minyaa kulitokea jambo ambalo kijiji hakikulipanga. Kabula alimsomea Fuko, kitabu kikiwa karibu na pua. Fuko alishika kila kitu kichwani na kumrudishia alichosahau. Digidigi aliwafundisha wote lugha ya mikono, na baada ya msimu mmoja waligombana darasani kwa mikono mwalimu asiambue kitu. Mgeni mdogo alipolia usiku, aliyemfikia kwanza alikuwa Fuko, ambaye giza halikumchelewesha. Asubuhi walihesabiana, na asiyetokea alitafutwa.

Nje, kijiji kililala usingizi. Miamba Mitatu walijua kwamba wamefanya jema, na walilisimulia kwa wageni. Ngiri alikuwa wa kwanza kupeleka blanketi langoni. Alipigwa picha na Kabula, mkono wake begani kwa Kabula, na Kabula alihisi mkono ule unampima. Kila mwaka, tarehe 13 Juni, siku ambayo dunia imeiweka tangu 2015 kwa ajili ya watu wenye ualbino, walikuja na ngoma, wakaimba mbele ya lango, wakagawa kofia, wakarudi kabla ya giza.

Mama yake Kabula alikuja kila mnada. Akaja kila mavuno. Kisha akatuma salamu kwa mtu, na salamu zilikuwa fupi, maana kule nyumbani alikuwa amezaliwa mdogo wake Kabula, mwenye manyoya ya kawaida, na mdogo huyo alikuwa ameanza kuuliza Kabula ni nani. Likizo zilipofika, Digidigi alifuatwa na mjomba wake. Kabula alibaki na walinzi, akifagia bwalo.

Ikponwosa Ero, mtaalamu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ualbino, naye mwenyewe akiwa na ualbino, alizuru Tanzania Julai 2017. Alisifu kupungua kwa mashambulizi yaliyoripotiwa, akaonya kuwa hali bado ni tete. Nimewaza mara nyingi juu ya sifa hiyo. Mashambulizi yanaweza kupungua kwa sababu wauaji wamekoma, au kwa sababu wanaowindwa wamefichwa, na mtu anayesoma takwimu mezani hawezi kuzitofautisha sababu hizo mbili. Mtoto aliye ndani ya ua anazitofautisha bila takwimu.

Ulikuja mwaka wa kiangazi kirefu. Wazee walipita mbele ya boma wakielekea kufungua ngitili ya malisho, ntemi, mtawala wao, mbele na fimbo yake. Kabula, sasa mkubwa, alisimama langoni.

"Mwangaluka, bababa."

"Mwangaluka, ng'wana wane."

"Mnakwenda wapi?"

"Kufungua ngitili. Ndama wamebaki mifupa."

"Nani huamua siku?"

"Wazee hutazama majani na hutazama mifugo. Nje pakiisha, hufunguliwa. Haijawahi kufungwa mwaka mzima, ingekuwa ni kuwanyima."

"Na hii yetu," Kabula akauliza, "hutazamwa nini?"

Ntemi alifungua mdomo. Alikuwa amefungua ngitili tangu ujana wake, na hakuwahi kukosa jibu la swali hilo. Aligeuka kuwatazama wenzake, na kila mmoja alikuwa akitazama miguu yake. Hawakuwa wameliwaza. Walipofunga lango walikuwa na hofu, hofu ikaisha, na baada ya hofu ikabaki nafuu ya kutokuwa na mtu mweupe wa kumlinda wala wa kumkosa. Siku ile ng'ombe walichelewa kula. Ntemi aliitisha mkutano wa kijiji palepale, nje ya minyaa, na akaamuru lango liachwe wazi wakati wakizungumza.

Mkutano ulikuwa mrefu na haukuwa mzuri. Nyegere alisema wakiwatoa leo, kesho watazikwa. Kuchakulo alisema huko ndani wanakula kila siku, kuliko wengi wa nje. Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, alisimama akasema Kabula arudishwe kwa sababu ana faida: amesoma, ana lugha ya mikono, ataandika barua za wazee.

"Shikamoo, mama," Kabula alisema. "Naomba unisamehe. Kuchakulo hajawahi kuandika barua ya yeyote, na hakuna aliyeitisha mkutano kujadili kama arudi nyumbani."

Mwingine akasema haijaonekana mweupe akaketi mbele za watu. Korongo, ambaye kila mwaka hupita pwani, alijibu kwamba mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuingia Bungeni, na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walipanga foleni na kumchagua Salum Khalfan Barwani awe mbunge wao, naye ana ualbino, na bahari ya Lindi haikukauka.

Kisha mtu akataka ramli. Daima hutokea. Akasema tusikate jambo zito hivi bila kuuliza, na wakamleta Kakakuona, ambaye katika sehemu nyingi za nchi hii watu wakimkuta humwekea maji, unga, jembe na mkuki, wapate kusoma mwaka utakavyokuwa katika anachokiendea. Vitu viliwekwa. Kakakuona alijikunjua taratibu, akayaendea maji, akanywa. Mkutano ukalipuka: mvua! neema! watoke!

Kakakuona alipangusa mdomo. "Wazazi wangu," alisema, "nimekunywa kwa sababu nina kiu. Nimebebwa tangu alfajiri juani. Mwaka juzi huko Sikonge niliuendea mkuki kwa kuwa kivuli cha mti kilikuwa upande huo, na nikasikia kwamba watu waliuza mifugo yao kwa hofu ya vita. Nimeulizwa mambo makubwa maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina kiu."

Kimya kilichofuata Muhanga alikitumia. Si msemaji, na alianza vibaya. Aliwaeleza jinsi alivyoikuta chumvi, kwa kufukua mchwa, na jinsi mkanda unavyolala. Alichora mchangani kwa ukucha. Hapa duara la Nungunungu, hapa la Ngiri. Mkanda umepita hapa na kukunjika. Duara la Ngiri lilikuwa limeukosa kwa hatua tatu. "Lilipotoa chumvi mwaka ule wa msiba," alisema, "ni kwa sababu ukuta wa mashariki ulibomoka wenyewe. Nilikuwa chini. Nilibeba kifusi."

Hapo Nungunungu kijana, aliyefanya shifti ya usiku kwenye duara hilohilo, alisimama akitetemeka mpaka miiba ikalia. Alisema usiku kabla ya mjukuu wa Nguchiro kuchukuliwa, alishusha matimba akasikia sauti mbili juu ya shimo. Moja ilikuwa ya Tumbusi. Nyingine ilitaja bei, viroba vinne. Alinyamaza miaka yote kwa kuwa mwenye sauti hiyo ndiye aliyekuwa akimpa kazi.

Hakuwa na haja ya kugeuka. Ngiri alikuwa amekaa mstari wa mbele, kwenye kiti alichowekewa mfadhili.

"Na blanketi zangu?" Ngiri aliuliza. "Nani mwingine hapa ametoa blanketi?"

Tumbusi hakuwepo. Januari 2015, serikali ya watu ilipopiga marufuku wapiga ramli, naye alibadilisha kibao, na sasa aliitwa mshauri wa wachimbaji huko ng'ambo ya mto. Ntemi aliwatuma Nyegere wawili wamlete kabla hajapaa. Ngiri aliondolewa kupelekwa mbele ya mahakama ya ntemi, na bibi Nguchiro, aliyekuwa hajasema neno tangu msiba, alinyanyuka akatembea nyuma yao, maana alitaka kuisikia kesi kwa masikio yake mwenyewe.

Wengi walidhani mkutano umekwisha. Kabula alisema haujaanza.

Alitaka kujua nani atapita asubuhi jabalini, na kama atakayepita ataingia hadi ndani ya pango au atakubali jibu la mlangoni. Mama yake mdogo alisema yeye ataingia. Alitaka kujua nani wa karibu na mlango wao, na majirani walitajana kwa majina hadharani, jambo lililowaudhi baadhi na lililokuwa la lazima. Aliuliza kuhusu jua. Hapo wengi walishangaa, kwa kuwa walifikiri adui ni mmoja. Lakini saratani ya ngozi imewaua watu wenye ualbino wengi kimyakimya, katika umri wa ujana, na kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, huongeza miaka. Walikubaliana kazi zake za shamba ziwe za alfajiri na jioni. Digidigi aliomba kwa mikono, Kabula akitafsiri, kwamba kila kaya imtoe mmoja ajifunze ile lugha, kwani amechoka kurudi likizo na kukaa mwezi mzima bila kuzungumza na mtu. Fuko alitaka njia ya kwenda kisimani ifukiwe mashimo, yale yaliyoachwa na wachimbaji, na akasema mashimo hayo yamewavunja miguu wanaoona pia.

"Na ubao," Kabula alisema.

Mwalimu Kobe alisema Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 anaijua, kwamba mtoto ana haki ya kusoma shule ya kawaida na kupewa msaada anaouhitaji, na anaiunga mkono kikamilifu. Ila ubao umejengewa kabisa kwenye ukuta wa magharibi. Kuuhamishia upande wa kivuli ni kuvunja ukuta, na fungu la kuvunja ukuta halipo mpaka mwakani.

"Ukuta wa tofali au wa udongo?" Muhanga aliuliza.

"Udongo."

"Huo nauanza mimi."

Alikwenda. Kabla ntemi hajafunga mkutano walisikia kucha zake zikigonga, na Mwalimu Kobe akakimbia kwa kadiri kobe awezavyo, akipiga kelele kwamba madawati yatolewe kwanza, na ramani, na chaki, na kwamba Kabula aje upesi asimame pale atakapokaa, waone ubao uwekwe wapi.